Mguu wa Kulia wa Aminieli Mgonja

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya mpendwa wetu Aminieli Mgonja, na imeniagiza nisiruke mstari, hata ule utakaomkera aliyekaa hapa mbele.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Chome, mtoto wa nne wa mzee Filemoni na mama Eliakunda, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1979 hadi 1985, kisha akajifunza uashi, na wengi wenu jana mmelala ndani ya kuta alizojenga yeye. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Dorkas, wakajaliwa watoto wawili, Shedrack na Diana.

Tarehe 9 Februari 2022, akijenga ghala kule Kisiwani, jua lilimwangusha, akafikishwa hospitali mwili unawaka na hajitambui, wakampoza kwa chupa za barafu, na kwa kuwa zilikuwa zinabiringika wakazifunga kwa bendeji magotini, ya goti la kulia ikasahauliwa saa tatu nzima. Uhai ulirudi, mguu haukurudi, unyayo ukalegea ukawa wa kuburuta, na kadi yake ikaandikwa amepona. Mwaka uliofuata daktari mmoja wa Moshi alimweleza kwamba barafu ile iliumiza mshipa wa fahamu unaopita pembeni ya goti, karibu kabisa na ngozi, akamwandikia barua.

Barua hiyo aliisoma kwenye mkutano wa kijiji tarehe 28 Mei 2025, akiomba apangiwe kazi ya kukaa kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wa barabara, tukacheka, na mimi nilikuwamo, tukasema barafu haijawahi kulemaza mtu, akaandikwa mtegaji kwenye daftari la kijiji, yeye ambaye hajawahi kukwepa kazi tangu utoto. Iliuma sana. Tarehe 2 Juni alikuja, akajitwisha jiwe kama sisi, unyayo ukanasa kwenye mzizi, akaanguka na kupiga kichwa kwenye mwamba, akafariki kesho yake saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari waliomrudishia uhai, na yule wa Moshi aliyemsikiliza, inawashukuru mafundi wenzake waliojengea kaburi, na ninyi majirani mliokuja kulichimba, wote, hakukosa hata mmoja. Dorkas anamwomba katibu wa kijiji, aliyekaa hapa mbele, afute neno lile kabla jeneza halijashushwa, na amesema yuko tayari kusubiri hapa mpaka daftari liletwe.

Baba Shedrack, hukutega. Pumzika kwa amani.