Mama Pipi Anastaafu na Presha Yake

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha dawa, Mama Pipi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Anaondoka na cheti, saa ya ukutani ambayo hakuiomba, na presha. Cheti na saa tumempa sisi. Presha nayo, wapo wanaosema tumempa sisi, na hatubishi.

Alianza kama mfamasia wa dirishani, akaja kuwa mwalimu wa madaktari, wauguzi na wafamasia wa hospitali nzima. Somo lake lilikuwa moja: kabla ya kumlaumu mgonjwa kwamba hamezi dawa, jua kwanza anaishi nazo vipi. Jina alilipata kwa mbinu yake. Kila aliyeingia darasani alikabidhiwa vichupa vya pipi zenye masharti: nyeupe kabla ya kula, njano pamoja na chakula, nyekundu usiichanganye na chai. Uzitumie wiki nzima, kisha uje useme yaliyokupata.

Yaliyotupata ni aibu tupu. Daktari bingwa wa moyo alizimaliza zote siku ya kwanza, eti ni tamu. Muuguzi mkuu alizisahau kwenye gari, zikayeyuka, akazikalia. Mimi ninayeandika haya niliiacha ile nyekundu kwa sababu bila chai siishi, nikamwambia mwalimu mchana kweupe kwamba nimeimaliza. Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema sasa nimekuwa mgonjwa kamili.

Basi mwaka jana yeye mwenyewe akapimwa, presha ikakutwa juu, akaandikiwa dawa, na hakuzigusa. Mganga hajigangi! Ametuamuru tuliandike hili, maana anasema hakuna mtihani wake ambao sisi wanafunzi tuliufeli vizuri zaidi ya huu. Lakini wakati ule hatukucheka. Tulimwona akishika ukuta kupanda ngazi, tukaogopa kweli kwamba kiharusi kitamchukua kabla ya kustaafu.

Sasa tazama mahodari wake tulivyomsaidia. Daktari bingwa alimchorea moyo ubaoni kwa rangi mbili. Muuguzi mkuu alimnunulia kisanduku cha vidonge chenye siku za wiki. Mimi nilimhutubia mpaka chakula kikapoa, chakula chake, maana changu nilishakula. Yeye akaitikia kwa adabu, kama wagonjwa wote wanavyotuitikia, na vidonge vikabaki mkobani. Hakuna kati yetu aliyemwuliza swali hata moja.

Kilichotuokoa si akili, ni mafua. Siku moja sauti ilinikauka kabisa, nikawa nimekaa naye stoo, kati ya maboksi ya dripu, nimenyamaza kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Kwa kuwa sikuweza kuhutubu, yeye akapata nafasi ya kuongea. Dada yake mkubwa alipoanza dawa za presha, nyumba nzima ilimgeuza mgonjwa. Alinyang'anywa mwiko, akanyang'anywa wajukuu, akawekwa kitini mpaka alipofariki. Mama Pipi hakuogopa kidonge. Aliogopa kuacha kazi na kuanza vidonge kwa mpigo, halafu asihitajiwe tena na mtu yeyote. Nililia, na kwa yale mafua hakuna aliyegundua.

Tukakaa na wanawe, tukaelewana. Bibi anameza kidonge chake asubuhi, kisha anawapeleka wajukuu shule mwenyewe, na mwiko ni wake. Presha inashuka. Wanawe wanalalamika kwamba siku hizi anawatuma kuliko zamani, na sisi tunawaambia wavumilie, ndiyo maendeleo.

Ahsante, mwalimu, kwa kutufundisha na kwa kutomfukuza hata mmoja wetu. Tunakutakia maisha marefu, yenye kazi za kutosha na watu wa kuwagombeza. Halafu, umemeza leo?

Samahani. Tuanze upya: za nyumbani, mwalimu?