Cherehani Iliyouzwa Kanisani

Wasikilizaji wapendwa, kama upo jikoni, geuza moto uwe mdogo. Kama upo kazini, jifanye unasikiliza huku ukifanya kazi. Leo tunamkumbuka mzee mmoja mwenye bucha. Jina alilopewa na wazazi wake wengi wenu hamkulijua. Mlimjua kama Mzee Imekwenda. Amefariki wiki iliyopita, amezikwa juzi, na mimi nimekaa sebuleni kwa mjane wake nikamsikiliza mpaka chai ikapoa.

Nyama ya mzee huyu ilikuwa safi na mizani yake haikumpunja mtu. Alichozidisha ni maneno. Ulienda kununua nusu kilo, ukarudi na nusu kilo ya nyama na mfuko mzima wa masimango. Mbona umekonda? Mbona Jumapili hukuonekana? Mimi mwenyewe amenisimanga mbele ya foleni nzima, na kesho yake nikarudi palepale. Ndivyo alivyokuwa.

Jina la Imekwenda alilipata kanisani. Kanisa lao ni dogo, la bati, na kinanda chake kina vitufe viwili bubu. Mwenzao akipatwa na shida kubwa, wanafanya mnada. Mzee ndiye aliyenadi. Aliichukua nyundo ya mbao ya kulainishia nyama, akaiosha, akaja nayo. Bei ikifika mwisho aligonga meza mara tatu, kisha akapaza sauti: "Imekwenda!" Akishasema hivyo, hata umlilie, kitu hakirudi.

Na mnada wao una utaratibu mmoja. Vitu vinaletwa vimefunikwa kwa kitambaa. Hakuna anayeuliza kimetoka kwa nani, ili asiwepo wa kujigamba wala wa kuona haya. Narudia, wasikilizaji, maana kisa chote kipo hapo. Vitu vinafunikwa, na hakuna anayeuliza.

Mwaka huo shida ilimpata fundi bomba wa mtaa. Alikuwa ndani ya mtaro akiunga bomba, udongo ukamwangukia. Mgongo ukaumia vibaya. Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa anapita hospitali yao Jumanne, kisha anaondoka. Malipo yasipopatikana kabla ya Jumanne, fundi bomba hatatembea tena. Mnada ukapangwa Jumapili.

Mke wa mzee ni fundi cherehani. Jumamosi alibeba cherehani yake ya mkono mpaka ukumbi wa kanisa akapinde vitambaa vya meza. Cherehani hiyo aliinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa. Ndiyo iliyolipa karo za watoto bucha ilipoyumba. Alipomaliza aliifunika, akaiacha kwenye kona, akaenda zake kupika.

Jumapili asubuhi mhudumu wa kanisa akapanga vitu vya mnada. Akakuta kitu kwenye kona, kimefunikwa. Akakiweka mezani pamoja na vingine. Je, aliuliza ni cha nani? Hakuuliza. Alifuata utaratibu.

Ibada ikaisha, mnada ukaanza. Kuku wakaenda, mkeka ukaenda, redio ikaenda. Bado malipo yalikuwa hayajatosha. Mke wa fundi bomba alikaa benchi la mbele, mikono ameibana katikati ya magoti. Meza ikabaki na kitu kimoja. Mzee akavuta kitambaa.

Binti yao mkubwa alikuwa kwenye kwaya. Ananiambia, "Nilimwona baba akiganda. Kitambaa kikabaki mkononi mwake. Nikamgeukia mama. Mama naye alikuwa amebadilika rangi."

Sikilizeni vizuri. Mzee alidhani mkewe ameitoa kwa siri, na moyo ukamjaa fahari. Mkewe alidhani mumewe ameitoa bila kumwambia, na moyo ukamjaa hasira. Na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza.

Mzee akaanza kunadi. Mgeni mmoja, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuja kumsalimia shangazi yake, akataja bei. Mtu mwingine akapandisha. Mgeni akapandisha zaidi. Mchungaji akanong'ona kiasi kilichobaki, "Ikifika hapo, inatosha." Bei ikafika hapo. Ikapita.

Mzee akagonga mara ya kwanza.

Mkewe akainuka.

Ukumbi mzima ukamtazama. Alisimama katikati ya mabenchi, mdomo umefunguka, bila sauti. Mzee akagonga mara ya pili. Mke wa fundi bomba naye akageuka nyuma, akamwangalia yule mama, hajui anataka kusema nini.

Mama akakaa. Mzee akagonga mara ya tatu.

"Imekwenda!"

Mgeni alilipa, akaibeba cherehani, akapanda basi siku hiyo hiyo. Hakuonekana tena.

"Watu wanasema nilikaa kwa sababu ya upendo," mama aliniambia. "Upendo gani? Nilikaa tu. Nikamwona yule mwanamke anavyoniangalia, nikashindwa. Lakini nilichukia, mwanangu. Nilichukia sana."

Wakarudi nyumbani. Mlangoni ndipo mama alipomuuliza, "Umeniuzia cherehani yangu?" Mzee akasema, "Si umeitoa wewe?" Wakatazamana. Kesho yake mhudumu wa kanisa akaja analia, akaeleza. Wakamsamehe. Wangefanya nini? Malipo yalishafika hospitali.

Fundi bomba alifanyiwa upasuaji Jumanne. Juzi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mama alishonea cherehani za watu miaka mingi, kwa ujira mdogo, mpaka alipopata nyingine. Na kisa kikageuka kichekesho. Kwenye kila harusi mzee alikisimulia, jinsi yeye na mkewe walivyouza mali yao kwa kutoelewana. Watu wakacheka. Mama naye akacheka.

Sasa, wasikilizaji, mama ameniruhusu kusema jambo ambalo hata binti yake hakulijua mpaka wiki hii.

Hospitalini, siku ya mwisho, mzee alimshika mkono. Akamwambia, "Mama watoto, ulipoinuka, nilijua. Nilijua hukuitoa wewe. Lile pigo la mwisho nilikuwa bado sijaligonga. Ningeweza kuishusha nyundo chini. Nikagonga."

Mama akainuka. Alimwambia, "Ngoja nikuletee maji." Akatoka. Ananiambia alisimama kwenye bomba la uani glasi ikijaa na kumwagika, hajui aseme nini. Alipata jibu. Akarudi nalo. Mzee alikuwa ameshafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Kwa mama, kwa watoto na wajukuu, kwa kanisa lote, na kwa wateja wa bucha waliozoea kusimangwa, sisi hapa studio tunawapa pole. Imetuuma. Na wewe unayesikiliza, kama kuna mtu ndani ya nyumba yako aliyenyamaza siku ulipoamua jambo lake, usiridhike na kimya chake. Nenda kakae naye leo, angali anakusikia.

Jibu ambalo mama hakuwahi kulitoa, ameniomba nilisome hewani, kwa maneno yake mwenyewe. Ninalisoma.

"Baba watoto, ningekuwa mimi niliyeshika ile nyundo, ningegonga pia. Lakini wewe ningekuuliza kwanza."