Mama Sinia, Aliyetengeneza Filamu kwa Masikio

Marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sinia, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mshona nguo na mtunza stoo wa karakana ya reli. Mama yake alisimulia kwamba aliiga sauti za wateja kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965, akamaliza sekondari 1975. Siku moja alikuwa akimwiga mwalimu mkuu mbele ya darasa, kumbe mwenyewe amesimama mlangoni. Wenzake wakajua leo kimenuka. Mzee yule akasema, "Kikohozi changu umekikosea. Rudia."

Mwaka 1978 alijiunga na kikundi cha maigizo, kisha akaingia kwenye filamu. Alipewa nafasi ya mama wa kambo, akaicheza hadi muuza nyanya akagoma kumuuzia. "Wewe si ndiye uliyemnyima mtoto chakula?"

"Nisamehe dada, leo atakula."

Umri ulipoanza kusogea, nafasi zilipungua. Akabaki kuingia na sinia la chai na kutoka bila kutamka neno, na ndipo jina lile lilipomganda. Mwaka 1996 akasema basi, imetosha. Akaanzisha kampuni yake sebuleni, bila tajiri nyuma yake, na sebuleni humo zikatoka filamu tisa.

Alikuwa amefunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na fundi umeme, mtu wa maneno machache, ambaye ndiye aliyefunga taa za filamu zote hizo. Jioni moja alikuta kitanda chao kimebebwa kwenda kupigwa picha. Hakugomba. Aliuliza tu, "Leo nalala kwenye filamu gani?"

Mwaka 2015 kisukari kilianza kumnyang'anya nuru ya macho. Kufikia 2017, filamu ya mwisho ikiwa nusu, alikuwa haoni kabisa. Waliosema kwamba kazi imeishia hapo hawakumjua. Aliketi kando ya mhariri wa picha, akasikiliza kila tukio. "Hapo rudia, mwanangu. Huyo anasema kwa mdomo tu." Mhariri akitazama tena, ni kweli tupu. Tulistaajabu, na mpaka leo tunastaajabu.

Kwa picha zenyewe alimtegemea mumewe.

"Unaona nini?"

"Mtu amekaa."

"Amekaaje?"

"Kwenye kiti."

"Baba watoto, utaniua!"

Pole pole fundi akajifunza kuona: bega lililoshuka, kiatu kilicholegea kamba. Filamu ikakamilika, ikaonyeshwa Mei 2019. Ukumbini marehemu aligeuza kiti chake akawaelekea watazamaji, awasikilize wakipumua. Ilipokwisha, kimya. Akamshika mumewe mkono kwa hofu. "Wameondoka?"

"Wapo wote. Wanajifuta macho."

Kisukari kilekile kikahamia kwenye figo. Alifariki hospitalini Jumatano asubuhi, tarehe 14 Agosti 2019, mumewe akimweleza yaliyoonekana dirishani. Mume alikuwa amefika kwa mwanamume anayesukuma baiskeli yenye pancha. Alihisi mkono wa mkewe umelegea, akajua. Hakunyamaza. Alimweleza mpaka yule mtu alipokata kona.

Ameacha mume, watoto watatu, mkwe mmoja, wajukuu wanne, dada wawili, na mhariri aliyemwita mwanangu hadi akawa mwanawe. Mwenyezi Mungu amlaze kwa amani, mahali penye nuru.