Birika Aliyeacha Kunywa Maji

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi viongozi na wafanyakazi wa kiwanda cha nepi mlioketi safu ya mbele, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Birika, kwa sababu alipenda chai kuliko chakula, na akishaanza kuzungumza alikuwa kama birika lililosahauliwa jikoni, halinyamazi mpaka mtu ainuke akalitoe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa fundi wa mabehewa na mama aliyekuwa mkunga. Alisoma shule ya msingi ya wafanyakazi wa reli kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi 1974, ambako hakuwa wa kwanza kwa masomo ila alikuwa wa kwanza kwa kuchekesha, na kipaji hicho ndicho kilichomlisha, na baadaye, mtanisamehe, ndicho kilichomponza.

Alianza kazi mwaka 1976 akiwa karani wa ghala la sabuni, akafunga ndoa tarehe 8 Agosti 1981 na shemeji yangu huyu mnayemwona, fundi cherehani, wakajaaliwa watoto watatu. Tarehe 2 Januari 1989 aliajiriwa na kiwanda cha nepi za watoto akiwa muuzaji, akipita duka kwa duka na mkoba wa sampuli begani, hadi mwaka 1998 alipofanywa mkuu wa mauzo. Yule bata wa manjano aliyechorwa kiunoni mwa kila nepi ya kiwanda hicho alichaguliwa na yeye, akiwashinda wenzake waliotaka dubu, na wajukuu wake wote wamekulia mikononi mwa bata huyo.

Hapa ndipo historia nyingi huruka, naomba mnivumilie. Mwezi Mei mwaka 2004, binti mmoja mgeni katika idara yake alieleza kikaoni kwamba nepi za saizi kubwa kabisa hazinunuliwi na wenye watoto peke yao, zinanunuliwa na watu wazima, wanawake walioumia katika uzazi, wazee, waliopooza, ambao huziunga mbili mbili kwa pini, akaomba kiwanda kiwatengenezee za kwao, hata kwa pakiti isiyo na picha. Mashine mpya ni ghali, na mtu angeweza kubisha kwa hoja, lakini hakuna aliyefika kwenye hoja, kwa sababu Birika alisimama akasema, "Tukimvisha babu, mama hatamvisha mwanawe," chumba kikaangua kicheko na jambo likafia mezani. Jioni alitusimulia nyumbani, nasi tukacheka.

Wahenga walisema mcheka kilema hafi hakijamfika. Marehemu alistaafu mwaka 2017, na mwezi Juni 2021 alifanyiwa upasuaji wa tezi dume, upasuaji ukafanikiwa, ila tangu hapo mkojo haukumsubiri. Nepi za watu wazima zilipatikana katika duka moja tu la dawa, za kutoka nje, bei ya kuumiza, na mwenye duka alikuwa mteja wake wa zamani, hivyo akaapa kwamba hatakanyaga pale wala mkewe hatamtuma. Shemeji akafanya kama wale wanawake, akanunua saizi kubwa ya kiwanda, akapasua ubavuni, akaunga mbili kwa cherehani, akampelekea chumbani ndani ya taulo, na marehemu alipozikunjua akakuta mabata wake wawili wakimtazama. Alizivaa siku moja, zikavuja penye mshono, mbele ya mkwewe.

Tangu siku hiyo akajitibu mwenyewe, akaacha kunywa. Chai aliacha, maji akawa anayaonja tu, akialikwa harusi anakaa na kiu tangu jana yake, kisha akaacha kwenda kabisa, na mtu aliyekuwa akizungumza kutwa akawa anatujibu kupitia mlangoni. Mkewe alimbembeleza na kikombe kama anayembembeleza mtoto. Tulimkasirikia sana, na mimi bado nina hasira naye hadi sasa ninaposoma.

Mwezi Agosti mwaka huu, figo zikiwa zimeshachoka, alimwita yule binti wa kikaoni, ambaye leo ni mama mtu mzima na ndiye mkuu wa mauzo, akamwomba radhi, akamsihi alirudishe lile ombi. Mama huyo alimjibu kwa upole kwamba amelipeleka tena mara mbili, na mara zote mbili aliyemshinda ni Birika yule yule, maana kauli yake bado inatajwa kila likiguswa jambo hilo, na watu bado wanacheka. Kaka aligeukia ukutani. Alipogeuka kwetu alisema, "Siku ya kunizika watakuja. Waambieni ile kauli nimeifuta."

Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, saa nne asubuhi. Daktari hakutuficha, alisema si tezi iliyomuua, mgonjwa wetu amekauka ndani ya nyumba yenye bomba la maji. Tungeweza kusoma kwamba aliugua kwa muda mrefu, tukakaa, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na shemeji amesema isomwe yote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi. Tunawashukuru majirani, pamoja na wale waliomfuata shemeji jikoni juzi na kumnong'oneza anaungaje ule mshono, hatutawataja, na atawaonyesha. Wakuu wa kiwanda, kauli imefutwa, mmeisikia wenyewe. Tunawashukuru pia kwa jeneza, ambalo mlipiga simu kuuliza urefu na upana wa marehemu, mkalitengenezesha, likafika siku ya pili yake, na limemwenea bila kuungwa popote.

Kaka, pumzika kwa amani.