Rangi ya Punda wa Alhamisi

Ndani ya tramu ya Aleksandria, Bahiga alitega sikio. Nyuma yake wazee wawili wasiojuana walibishania rangi ya punda wa vikaragosi, wa kile kipindi cha watoto cha zamani cha kila Alhamisi.

"Wallahi alikuwa wa buluu, haji!" alisema mwenye miwani.

"Buluu? Ulikuwa na homa, ustadhi. Kijani kibichi, kama mlenda!"

"Ulimwona wapi?"

"Kwetu. Baba alibandika plastiki ya kijani kwenye kioo cha televisheni yetu ya nyeusi na nyeupe, nasi tukajiona tuna ya rangi."

Mwenye miwani akainua kidole. "Yetu ilikuwa plastiki ya buluu. Lakini punda alikuwa wa buluu hata bila plastiki!"

Tramu ikasimama. Bahiga akashuka akiwahurumia. Plastiki ya kwao Bahiga ilikuwa na mistari: punda wa kweli alikuwa na kichwa cha buluu, tumbo jekundu na miguu ya kijani.