Ngozi Zinazotuchanikia Mikononi

Mgeni rasmi, pamoja na wote mlioketi meza kuu, akiwemo meneja wa kiwanda aliyetujengea karakana hii: karibuni, jisikieni nyumbani. Harufu mtuvumilie, ndiyo kazi yetu.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanawake tuliokuwa tukiparua samaki sokoni. Ngozi tulizitupa, nzi wakafaidi. Siku moja mwenzetu, huyu tunayemwita Mama Sindano, alilainisha ngozi moja akashona pochi. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Pochi ikanunuliwa siku hiyohiyo, na kicheko kikaishia hapo.

TULIPOFIKIA

Leo tunashona viatu, mikanda na mikoba. Wapo waliojenga, wapo waliosomesha. Mteja akiuliza mkoba utadumu hadi lini, tulikuwa tunamjibu, "Utamrithisha binti yako."

YALIYOTUPATA

Hatusemi hivyo tena. Mwaka jana ngozi zilianza kutuchanikia. Sindano ikigusa tu, zinapasuka kama karatasi iliyolowa.

"Mnazizidishia dawa ya kulainishia!" Mama Sindano alifoka.

"Dawa ni ileile, dada," tulimjibu. Nusura kikundi kivunjike.

Ndipo wavuvi wakatuambia kwamba samaki wanaovuliwa mtoni, upande wa chini wa bomba la majitaka la kiwanda, wanatoka na vidonda, magamba yanapukutika. Wa juu ya bomba ni wazima. Tukamwita mtafiti wa samaki. Akafuga madume kwenye matangi mawili, moja la maji ya juu, jingine la maji ya chini, kisha akatuita tuone.

"Maji ya chini yana kemikali zinazojifanya homoni za kike," alisema. "Mwili wa samaki unadanganyika, unazitii. Ngozi inakuwa nyembamba, ute unaoikinga unapungua, kidonda hakiponi."

Mama Sindano akauliza, "Na sisi tunaoyanywa?"

"Hilo sijalipima, mama. Siwezi kukudanganya."

Tangu hapo kila kikombe tunakinywa kwa mashaka.

Juzi meneja alitaka kuiona risala hii. Akasema, "Sehemu hii iondoeni. Mtaniaibisha ndani ya jengo langu?" Tukamwitikia, "Tumekusikia, kaka." Na kweli, kusikia tulimsikia.

TUNACHOTAKA

Hatuombi vyerehani. Tunataka bomba lile lifungwe mpaka maji yapimwe na watu wasiolipwa na kiwanda, na majibu yasomwe hadharani, kwa lugha tunayoielewa. Samaki wapimwe, na sisi tupimwe.

Utepe wa uzinduzi uko mlangoni, mgeni rasmi, lakini usiukate kwanza. Twende wote mtoni, si mbali, ukaone kinachotoka kwenye bomba. Ufunguo wa karakana tumemwekea meneja mezani. Kama kodi yake ni kunyamaza, auchukue. Tutashonea barazani kwetu.

Mungu akujalie afya, wewe na nyumba yako, akujalie na moyo wa kuinuka kwenye hicho kiti sasa hivi. Sisi tumeshasimama.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake Washona Ngozi za Samaki