Mteja Mwingine

Mambo yaliharibika Jumanne tarehe tisa, saa nne asubuhi, fundi cherehani alipopeleka aproni yake kwa dobi. "Namba yangu ya siri ya pesa za simu niliidarizi mfukoni," alimwambia siku chache baadaye muuza matunda aliyeketi naye kwenye treni. "Kwa uzi mwekundu, dada, nisije nikaisahau!"

Muuza matunda alicheka hadi kapu likamponyoka. "Siri ya kudarizi! Wakakukomba?"

"Dobi mwenyewe alinipigia kunionya. Nikaibadilisha palepale."

Nyuma yao, mzee aliyefiwa na mkewe alinung'unika kwamba wakubwa wamewatia watu benki mfukoni, wasiwafundishe hata kifungo kimoja. Wanawake wakaendelea na yao. Mzee alishazoea.

"Leo nafuata cherehani ya mtumba," fundi akaendelea. "Muuzaji anataka nimtumie pesa zote kwanza, ndipo afungue stoo."

"Thubutu! Mpe taslimu, mkono kwa mkono."

"Nikiporwa njiani? Akiba ya miaka miwili hiyo, shoga."

"Basi ziache kwenye simu. Ijaribu kwanza, shona hata pindo moja, ndipo utume ukiwa umeishika."

"Anasema kuna mteja mwingine anaitaka."

Mzee akashindwa kunyamaza. "Huyo mteja mwingine namjua, mwanangu. Hata jeneza la mke wangu alilitaka."

Wakacheka wote watatu, mzee akijishangaa.

Treni ikasimama. Fundi alikuwa mlangoni simu yake ilipoita; akaipokea, na sauti ya muuzaji ikasikika hadi viti vya nyuma: "Mama, umeshatuma?"